Kupokea kadi dukani: uanze na mashine ipi?

Kama wateja wako wengi ni watu wa mtaani, Lipa Namba inakutosha, usijiongezee gharama. Mwongozo huu ni wa mwenye duka la vinyago Mji Mkongwe au nyumba ya wageni Arusha, anayeulizwa kila siku, "Mnapokea Visa?"

Namba moja kwangu ni mashine ya POS ya benki, inayosoma chipu na kadi ya kugusisha. Sababu yangu kubwa ni pingamizi la malipo. Mteja anaweza kufika kwao akaiambia benki yake kwamba muamala ule haukuwa wake, na fedha zikachomolewa kwenye akaunti yako wiki kadhaa baada ya mzigo kuondoka. Chipu hutengeneza msimbo mpya kwa kila muamala, na mteja akishabonyeza namba ya siri, dai kama hilo halishiki kirahisi. Utepe wa sumaku hutoa taarifa zilezile kila ukipitishwa, ndiyo maana wezi huunakili. Mashine inayotegemea utepe ikatae hata ukipewa bure.

Kabla ya kusaini, iulize benki makato ya kadi za nje (mara nyingi huwa juu kuliko za ndani), fedha zinaingia baada ya siku ngapi, na kama mashine inalipiwa hata mwezi usio na mauzo. Ukikatwa asilimia 3 kwenye kinyago cha shilingi 200,000, zimeondoka 6,000. Hesabu hiyo ifanye kabla ya kupanga bei. Na ile karatasi ya POS si risiti ya kodi. Mamlaka za mapato, TRA kwa Bara na ZRA kwa Zanzibar, zinataka ya kwao.

Ya pili ni kiungo cha malipo (linki unayomtumia mgeni), kwa kampuni za malipo ya mtandaoni kama Pesapal au DPO. Kwa malipo ya awali ya vyumba hakuna kinachoizidi: mgeni anajaza kadi mwenyewe kwenye ukurasa wao, wewe huioni namba. Hakikisha 3-D Secure, yaani hatua ya benki ya mgeni kuthibitisha kuwa ni yeye anayelipa, imewashwa, maana bila uthibitisho huo hasara ya kadi ya wizi mara nyingi inakuangukia wewe.

Simu inayogeuzwa mashine ya kusoma kadi kwa programu naiweka ya tatu. Inafaa kwenye maonyesho, ila iwe simu ya kazi tu.

Kuomba picha ya kadi kwa WhatsApp, acha kabisa. Kanuni za PCI DSS, za usalama wa taarifa za kadi duniani, zinakataza kuhifadhi tarakimu tatu za nyuma ya kadi baada ya malipo kuidhinishwa, hata daftarini. Simu ya mapokezi ikiibiwa, kadi za wageni wako zimeibiwa pamoja nayo.

Nawe mnunuzi, kadi isitoke machoni pako. Mhudumu alete mashine mezani. Mtandaoni tumia kadi pepe, yaani namba ya kadi isiyo na kadi ya mkononi: M-Pesa GlobalPay ya Kenya, kwa mfano, hutoa namba ya usalama ya muda mfupi tu. Na ukiwa Dubai mashine ikakuuliza ulipe kwa dirham au kwa fedha ya nyumbani, chagua dirham, kwa sababu kiwango cha kubadilisha cha mashine kwa kawaida ni kibaya kuliko cha benki yako.