Kayaki ya futi 17 juu ya RAV4: uzoefu wangu na keria fupi

Pale Kikatiti mzee mmoja alivua kofia gari letu lilipopita. Hatua chache mbele, kina mama waliokuwa wakiuza nyanya wakanyamaza. Mimi na mdogo wangu tukatazamana, kisha tukaelewa. Juu ya gari tulikuwa na kitu kirefu kilichofunikwa turubai la bluu, kimefungwa kamba kila upande, na ilikuwa Jumamosi asubuhi kwenye barabara ya Moshi. Mtu wa huku akiona gari la namna hiyo anajua ni jeneza, haulizi linakwenda wapi.

Ilikuwa kayaki tu, mtumbwi mwembamba wa kupiga kasia. Turubai tulilivua kabla ya njia panda ya KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Adabu ilichangia, lakini sababu kubwa ilikuwa upepo: lilikuwa limejaa kama tanga na linavuta kila kitu kilichokuwa juu.

Nianze na kifaa chenyewe, maana kuna watu wameniuliza ninabebaje. Nilinunua keria ya aluminiamu hapa Arusha. Ni vyuma viwili vya kukingama, kila kimoja na vibano viwili vya kushika reli za paa, na ndani ya boksi kuna mikanda miwili ya racheti. Nililipa shilingi 230,000. Jina la kampuni silitaji, kwa sababu malalamiko yangu mengine yanatokana na gari langu na mengine ni uzembe wangu mwenyewe. Gari ni RAV4 ya zamani, ile ambayo tairi la akiba linaning'inia kwenye mlango wa nyuma. Urefu wake ni mita nne na kidogo. Kayaki ni ya plastiki, mita 5.2, kilo 27, niliyouziwa na mzungu aliyekuwa anafunga nyumba kurudi kwao. Kwa maneno mengine, mzigo umelizidi gari kwa takriban mita nzima.

Uzito haujawahi kunisumbua. Kitabu cha gari langu kinaruhusu kilo 75 juu ya paa. Kayaki pamoja na vyuma vyake havifiki hata 40. Kazi iko kwenye urefu. Reli zangu ni fupi, na ncha zake zimeinama kuelekea bati, kwa hiyo vibano havishiki pale mwisho. Nilivyojitahidi kuviachanisha vyuma, nafasi kati yao ilifika sentimita 70 tu. Ukiiweka kayaki katikati, inabaki mita mbili na robo ikielea mbele na nyingine kama hiyo nyuma. Chukua rula ufanye hesabu mwenyewe: kutoka katikati hadi kwenye chuma ni sentimita 35, kutoka katikati hadi puani ni 260. Chombo kikicheza sentimita moja pale kwenye chuma, puani kinacheza saba na ushei. Hesabu hii sikuifanya dukani. Niliifanya baadaye, nimesimama kando ya barabara.

Safari ile ya kwanza tulikuwa tunakwenda bwawa la Nyumba ya Mungu. Kutoka Sakina hadi Tengeru barabara ni ya njia nne, laini, na nikaanza kujisifu moyoni. Baada ya Tengeru inabana, malori yanaanza kukutana nawe uso kwa uso, na matuta ya Usa River na Maji ya Chai yanakusalimia moja baada ya jingine. Bado mambo yalikuwa mazuri. Balaa lilianza kwenye ule uwanda mweupe kati ya KIA na Boma Ng'ombe, ambako upepo unakuja kutoka ubavuni na hakuna mti wa kuuzuia. Basi moja likatupita likitokea Moshi, gari likatikisika, na mdogo wangu akasema taratibu tu, kama anayeniambia saa: "Kaka, pua inatembea."

Kweli ilikuwa inatembea. Kushoto, kulia, kushoto. Nikapunguza mwendo, nikatoka nje ya lami. Chuma cha nyuma kilikuwa kimeteleza kwenye reli kwenda mbele kwa upana wa kiganja. Zile sentimita 70 zilikuwa zimebaki kama 60. Vibano vya keria hii ndani vina plastiki ngumu inayogusana na reli iliyopakwa rangi, na vitu viwili vilaini namna hiyo havishikani kwa muda mrefu. Kila tuta nililopita nikifunga breki lilikuwa linakisukuma kidogo.

Boma Ng'ombe tukamkuta fundi pancha. Akatukatia vipande vinne vya tyubu ya baiskeli kwa shilingi elfu moja, tukavizungushia reli chini ya kila kibano, nikakaza upya kwa ule ufunguo wa pembe sita, mafundi wanauita alenki. Tangu siku hiyo vyuma havijasogea hata unywele. Kipande cha mpira wa mia mbili hamsini kimefanya kile ambacho kiwanda kilipaswa kukifanya! Ukinunua keria ya aina hii, anza na tyubu kabla hujatoka nyumbani, na ukifika kama kilomita kumi simama ukaze tena.

Kosa la pili lilikuwa langu. Zile racheti nilizikaza kwa nguvu zangu zote, nikidhani mkazo ndio usalama. Racheti inavumilia mkono wa mtu mwenye hofu. Plastiki haivumilii, hasa jua la saa sita la Mwanga, kule bwawani, likishaipasha moto. Tulipofungua, tumbo la kayaki lilikuwa na mabonde mawili kama karai. (Ingekuwa ya faiba ingepasuka, nashukuru kwa hilo.) Mabonde yenyewe yalirudi baada ya siku mbili: niliilaza juani uani, nikamwagia maji ya moto kwa birika, nikasukuma kwa ndani kwa kiganja kilichovikwa taulo. Alama imebaki, ila hata maji hayajui.

Sasa natumia mikanda mingine, ile ya bizimu lenye meno unayoivuta kwa mkono tu. Ukivuta ikagoma, basi imetosha. Jozi nilinunua 30,000. Za racheti nimeziacha gereji, zinafungia mitungi ya gesi. Na mkanda wowote ule, kabla hujaupitisha juu, usokote mara moja. Mkanda ulionyooka ukipigwa na upepo unalia vuuu mpaka utadhani bearingi imekufa, uliosokotwa hunyamaza.

Bwawa lenyewe nisilipite hivi hivi. Maji ya Kikuletwa kutoka upande wa Arusha na ya Ruvu yanakutana pale, na kutoka hapo ndipo Mto Pangani unaanza safari yake ya kwenda baharini. Asubuhi maji yanatulia kama sahani, ukipiga kasia unasikia matone yakidondoka. Ikifika mchana upepo unaamka, mawimbi mafupi mafupi, na kurudi ufukweni kunakuwa kazi ya mshahara. Wavuvi walikusanyika kuitazama kayaki. Mmoja aliuliza kwa nini mtumbwi una mlango mmoja tu, na mwenye mlango akijaa tumbo atatokaje.

Lakini aliyenipa elimu ni mzee mmoja aliyesema alikulia Pangani kabla ya kuhamia bwawani. Tulipokuwa tunapakia kurudi, alizunguka gari mara mbili, mikono nyuma. "Mwanangu," akasema, "umefunga tumbo. Omo hujafunga, tezi hujafunga." Omo ni pua ya chombo, tezi ni sehemu ya nyuma.

Nikamwonyesha kamba yangu ya mbele. Nilikuwa nayo moja, kutoka puani moja kwa moja hadi kwenye kulabu ya kuvutia gari chini ya bampa. Akaishika katikati akaisukuma kushoto kwa kidole. Pua ikaenda kushoto. Akaisukuma kulia. Ikaenda kulia. Hakusema neno. Akachukua kipande cha kamba yake, akafunga omo kwa kamba mbili zinazoachana kama miguu ya mtu aliyesimama imara, moja huku na moja kule, kisha tezi vivyo hivyo. Alizivuta kwa mkono, si kwa nguvu, akasema zikikazwa sana zitaipinda kayaki mgongo. Kazi yao ni kukataza tu, siyo kubeba.

Tulirudi Arusha usiku ule kwa mwendo wa 70, upepo uleule wa Boma Ng'ombe, malori yaleyale. Pua haikutembea. Hapo ndipo nilipojua kwamba swali langu la siku nyingi, "keria hii ni fupi mno au inatosha?", lilikuwa swali la dukani. Keria fupi inabeba uzito na inazuia chombo kisianguke pembeni. Kuzuia kisiyumbe kushoto na kulia ni kazi ya kamba nne za omo na tezi. Ukiwa nazo, sentimita 70 zinatosha. Ukizikosa, sidhani hata mita nzima ingetosha kwa chombo cha urefu huu.

Shida iliyobaki ilikuwa pa kuzifunga kwa mbele. RAV4 yangu ina kulabu moja tu, na miguu miwili inataka pointi mbili. Fundi mmoja wa Mbauda, hapa Arusha, alinitengenezea kitu rahisi ajabu. Alichukua mkanda wa kiti wa gari bovu, akakata vipande viwili vya urefu wa shibiri, akakunja kila kimoja kuwa kitanzi, akatoboa ncha kwa chuma cha moto ili nyuzi zisifumuke. Kisha akafungua boneti na kuvikaza kwenye boliti zinazoshikilia madigadi, kushoto na kulia. Ukiwa na mzigo unavitoa nje vinachungulia pembeni mwa boneti. Ukimaliza unavirudisha ndani. Hakuna kulegea, hakuna rangi iliyochubuka, hakuna kulala chini ya bampa kwenye matope. Alinitoza 15,000 na alicheka wakati wote. Kwa nyuma nafunga kwenye pete mbili chini ya bampa.

Jambo moja kuhusu RAV4 hizi za tairi mgongoni: mlango wa nyuma unafunguka kwa ubavu kama wa friji, na kamba za tezi zinapita palepale. Ukishafunga, buti limefungwa hadi mwisho wa safari. Niliwahi kusahau makasia ndani nikiwa Ziwa Duluti, ikabidi niyatoe kwa kuyapitisha mlango wa abiria, wenzangu wakiangalia. Siku hizi kila kitu kinachotakiwa haraka, maji, jaketi la kuokolea, chakula, kinakaa kiti cha nyuma.

Lakini tairi hilohilo ni baraka wakati wa kupakia peke yako. Naweka gunia nene juu ya tairi na zulia kuukuu kwenye ukingo wa paa. Nainua omo tu, naiegemeza juu ya gunia, kisha nazunguka hadi tezi na kuisukuma mbele kama mtu anayesukuma mkokoteni. Hubebi kilo 27 hata mara moja, unabeba nusu. Chini ya kayaki, juu ya vyuma, nimevalisha yale mabomba ya sponji nyeusi ambayo mafundi wa AC wanayafungia paipu. Niliyanunua kipande kimoja kwao, nikagawanya. Jua linayala, baada ya miezi kama minane yanaanza kumomonyoka, unabadilisha.

Ziwa ninaloenda mara kwa mara ni Duluti, kwa sababu liko karibu. Unaacha barabara kuu Tengeru na punde uko ndani ya msitu, ziwa la kreta, maji ya kijani yaliyotulia na kenge wanaota jua ukingoni. Kwa safari fupi namna hiyo naweza kusema keria hii naipa nne kwa tano. Kwa Nyumba ya Mungu naipa tatu, na hizo tatu zinahesabu tyubu, vitanzi vya Mbauda na kamba za mzee. Kama ilivyotoka kwenye boksi ni mbili, na sioni haya kusema. Wenye Prado na Land Cruiser zenye keria ndefu za chuma za watalii, haya yote hayawahusu sana, ingawa hata wao nimewaona njiani na pua inayotikisa kichwa.

Ziwa Chala usiniulize. Gari litafika hadi ukingoni mwa kreta vizuri tu. Kuiteremsha kayaki ya futi 17 kwenye lile genge hadi majini, halafu kuipandisha jioni, atafute mwenye mabega ya kukodi.

Trafiki wamenisimamisha mara tatu kwa jumla. Mara mbili ilikuwa udadisi: "Hii ndiyo nini, mzee?" Mara ya tatu afande aliniambia nifunge kitambaa chekundu kwenye tezi, na alikuwa sahihi, maana inachomoza nyuma ya gari na pikipiki wa usiku hawaioni. Kitambaa chenyewe nilikikata kwenye fulana ya uchaguzi, sitasema ya nani.

Wiki iliyopita shemeji aliazima keria kubebea mabomba ya maji ya nyumba anayojenga Usa River. Ameirudisha jana, imefutwa vumbi, na pole juu yake. Kibano cha nyuma kushoto hakina tyubu.