Nanga ya Rocna ya kilo 20: mchanga inaupenda, nyasi zinaishinda

Rocna ilibuniwa na Peter Smith wa New Zealand. Ina jembe moja pana lililobonyea kama kijiko, ncha kali, mkono usio na kiungo, na upinde wa chuma juu ya jembe. Upinde huo una kazi moja: nanga ikiangukia mgongo, huibinua mpaka ncha iguse chini. Haina bawaba kama nanga ya CQR ya 1933, wala gongo la kukingama kama baura.

Wenye mashua za tanga za mita 10 wengi huchukua kilo 15. Inatosha upepo ukiwa mwanana. Kusi ya Julai ikivuma usiku kucha, kilo 5 za ziada ndizo zinazolaza watu usingizi, kwa hiyo ushauri wetu ni kilo 20 moja kwa moja.

Kwenye mchanga mgumu haina mpinzani mkubwa. Huuma ndani ya mita moja au mbili, kisha kadiri unavyovuta ndivyo inavyozidi kuzama. Elekeza omo, yaani mbele ya mashua, kwenye upepo, mashua isimame kabisa, teremsha nanga mpaka iguse, ndipo uanze kurudi tezi, yaani nyuma, taratibu huku ukitoa mnyororo. Usiumwage wote mahali pamoja, utarundikana juu ya nanga na kunasa upinde. Ukifikia mara tatu ya kina, zuia kidogo iume, halafu toa uliobaki. Mwisho rudisha injini nyuma, mzunguko 1,500 hivi, kwa nusu dakika. Weka kiganja juu ya mnyororo: ukitetemeka na kugongagonga, nanga inaburuta. Ukikaza na kutulia, imeshika. Thibitisha kwa alama mbili za nchi kavu zilizopangana.

Kwenye tope laini la mikoko, kama la hori la Mtwapa huko Kenya, mambo ni tofauti. Usiikurupushe. Iache dakika 15 au 20 izame kwa uzito wake, kisha vuta polepole. Itashika, lakini asubuhi itapanda na ndoo nzima ya tope kwenye jembe, na bila pampu ya maji ya kuoshea omo itachafuka vibaya.

Tope hilohilo ndilo chanzo cha udhaifu ambao wauzaji hawapendi kuutaja. Ndani ya hori mkondo hugeuka kila baada ya saa sita hivi. Mara nyingi nanga huzunguka ikiwa bado imezikwa. Ila mkondo ukiwa mkali kiasi cha kuing'oa, bonge la udongo mzito lililoganda kati ya jembe na upinde huweza kuizuia isiume tena. Dawa yake ni kukaa macho maji yanapogeuka, hasa wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kukupwa kuliko kawaida.

Nyasi za baharini ni tatizo jingine. Ncha hukusanya mafungu ya nyasi na kuteleza juu yake. Tafuta doa jeupe la mchanga, hata dogo, uishushe hapo. Kwenye miamba, nanga ya makucha manne ya majahazi bado ni bora na ni rahisi. Kwenye matumbawe usitie nanga yoyote: unaua matumbawe, na upinde unaweza kunasa usitoke. Penye maboya ya kufungia, yatumie. Ukilazimika karibu na mawe, funga kamba ya kung'olea nyuma ya jembe, na juu yake boya dogo.

Lakini nanga nzuri haisaidii mwenye hesabu mbovu ya maji. Bamvua za Unguja hupandisha maji karibu mita 4. Tuseme umetia nanga maji yamekupwa, kina mita 4, na roda ya omo, gurudumu linalopitisha mnyororo, iko mita 1 juu ya maji. Jumla 5, unazidisha mara 5 kupata urefu wa mnyororo, unatoa mita 25 na kulala. Maji yakipanda mita 3.5, jumla inakuwa 8.5, na mnyororo wako ni mara tatu tu, tena saa nane za usiku. Ulitakiwa kutoa mita 43. Wanaotia nanga maji yakiwa yamejaa wana hesabu ya kinyume: watabaki na maji kiasi gani chini ya mkuku?

Mnyororo wa milimita 8 una takriban kilo 1.4 kwa mita, kwa hiyo mita 50 ni kilo 70 kwenye omo. Uungie nanga kwa pingu ya chuma kilichopakwa zinki, na pini yake ifungwe kwa waya isifunguke. Vizungushio vya chuma cha pua tungeviacha dukani, maana kutu yake hujificha ndani na hukatika bila onyo. Ongeza kamba ya nailoni ya milimita 12, mita 8, ya kupokea mishtuko badala ya roda.

Kwa safari ya bahari kuu, Komoro au Shelisheli, ifunge kwa kamba mbili na uzibe tundu la mnyororo. Wimbi la omo huingiza maji mengi humo.

Kabla ya kuagiza, kata kiolezo cha kadibodi ukipime kwenye roda. Upinde mara nyingi hugonga reli za omo. Usipoenea, kiwanda hichohicho kina nanga ya Vulcan, isiyo na upinde.