Ajansi ya kazi pale mu mji: kwa makaratasi muende, kwa bafundi mubaki nyumbani

Nitaanza na ile munataka kusikia, kisha nitaeleza. Kama uko na ateliye, garaji, depo ao kampuni ndogo ya ujenzi hapa Lubumbashi na unatafuta mutu wa kukutengenezea mishahara, makontra na deklarasyon ya CNSS (kese ya Leta ya pensheni, batoto na ajali za kazi) kila mwezi, ile ajansi iko muzuri, lipa makuta yako bila woga. Kama unataka bakutafutie fundi wa suduri (wa kuungisha vyuma na moto), fundi wa umeme ao shofere wa kamyo kubwa, usiweke hata falanga moja. Jina yabo sitaiandika juu bado niko nabo mu kontra, na tena maajansi za mu mji karibu zote zinatumika namna moja, kwa hiyo hii inaweza kukusaidia hata kama ya kwako ni ingine.

Mi niko na ateliye ya suduri ku Kampemba, tunafanya milango, grili za madirisha, tanki za maji na mabati ya paa. Ukihesabu bafundi, bamanevri (ba kazi ya mikono tu), mama wa kesi ya makuta na sentineli, hatufike hata makumi mbili. Ni kidogo, lakini sheria ya kazi haikuulize kama uko mukubwa ao mudogo. Code du travail ya 2002, ile balibadilisha sehemu mu 2016, inakupima wewe na mine (kampuni ya madini) kwa kipimo kimoja, tofauti ni kwamba mine iko na biro muzima ya basomi ba mambo ya bafanyakazi na wewe uko na daftari na kalamu.

Mishahara njo ilinipeleka kwabo. Banaomba dola 10 kwa kichwa kwa mwezi, si rahisi lakini wanastahili. Kijana mwenye ananishugulikia anapanga karatasi mbele yako, anaweka kidole ku kila mustari: « Mama patron, huku ni ya mufanyakazi, huku ni ya kwako. » CNSS inachukua 5% ku mushahara wa mufanyakazi na 13% ku mufuko yangu, mu ile 13% kuna 5 ya pensheni, 6.5 ya batoto, 1.5 ya ajali za kazi. INPP (biro ya Leta ya kufundisha kazi) ni 3% juu tuko chini ya batu 50, ONEM (biro ya Leta ya mambo ya kazi) nayo iko na sehemu yake, kisha kodi ya mushahara ile inaanza ku 3% na inapanda mpaka 40 kwa benye banapata mingi. Sasa musikilize: mbele, bafundi bangu balikuwa banaamini ile 5% ninaikula mimi. Kweli kabisa. Mutu anaona mushahara umepungua, anasikia tu « ni ya Leta », anakuangalia na jicho ya kando. Siku hizi kila mutu anapata fishi yake ya mushahara na mumoja alienda mwenyewe ku biro ya CNSS kuuliza kama miezi yake inaonekana, akakuta iko, akarudi kuambia benzake, na ile kelele ya kila mwisho wa mwezi ikaisha pale pale. Mimi kama ningesema miaka kumi hawangeamini.

Mushahara tunaongea mu dola sawa kila mutu wa hapa, karatasi inatoka mu falanga, na kiwango ya dola ya siku ya malipo inaandikwa chini kabisa. Njo pale macho ya kila fundi inaanguka ya kwanza.

Kitu ingine banafanya muzuri ni mambo ya bajurnalye, benye kulipwa kwa siku. Munajua vile tunaishi hapa, unachukua kijana asubui, jioni unamupa makuta yake, kesho tena, kesho kutwa tena, mwaka unaisha eko pale pale na hakuna hata karatasi moja. Sheria inasema kama kijana amefanya siku 22 mu miezi mbili, ukimuchukua tena mbele ile miezi mbili haijaisha, kontra yake imekuwa ya bila mwisho, upende usipende. Programu yabo inahesabu siku, na jina ya kijana ikikaribia inakuwa nyekundu, kisha banakupigia simu kuuliza: unamuandikia kontra ao unamuacha apumzike? Mi ningependa bamalizie sentensi na « muandikie », juu hii mambo ya kumuacha apumzike ni ujanja na bafanyakazi banauona, lakini walau simu inafika. Na ku makontra pia banakuangalilia: esai (muda wa kujaribiwa) ni mwezi moja kwa manevri na miezi sita kwa bengine, na kama haikuandikwa, hakuna esai, kontra ya muda haipite miaka mbili na unairudilia mara moja tu. Mu 2025 vile mushahara wa chini wa siku ulipanda kutoka 7,075 FC ya 2018 mpaka 14,500, ujumbe wabo ulifika ku WhatsApp mbele hata jirani yangu wa kinkayeri hajasikia ku redio.

Na masaa. Hapa nitakaa kidogo juu kila mwenye ateliye anajua taabu ya SNEL, kampuni ya Leta ya umeme. Sheria inakupa masaa 45 kwa juma. Sasa umeme unaenda saa tatu asubui, bafundi banakaa chini ya mwembe, unabalipa kukaa, umeme unarudi saa moja ya usiku na kliya anataka mulango wake kesho. Wakitumika ile usiku, ni masaa ya ziada ao ni masaa yabo ya mchana yenye kuhamishwa? Pale njo kulikuwa kunazaliwa matata kila juma. Ajansi ilinitengenezea daftari ya masaa, sawa, kila mutu anatia sahihi akiingia na akitoka, juma ikipita 45 programu inaongeza 30% kwa masaa sita ya kwanza, 60% kwa yenye kufuata, na ukimuita mutu siku yake ya kupumzika ni mara mbili. Mwezi wa kwanza niliona hesabu nikakamata kichwa. Lakini ile hesabu njo ilinionyesha kama jenereta ya kukodi inaniletea hasara kidogo kuliko masaa ya usiku, na hakuna mutu alikuwa ameniambia. Nyota tano, sina cha kuongeza.

Sasa tuje ku bafundi.

Banakuomba mushahara wa mwezi moja wa ule mutu, nusu mbele, nusu siku anaanza. Wanakuahidi mambo matatu: bamechunguza diploma, bamepima mutu kwa mikono, na kuna garanti ya miezi tatu. Balinileteya kijana na sivii ya kurasa ine, picha na kravati, miaka saba ku mine. Fundi wangu mukubwa, papa mwenye nywele nyeupe, hakusoma hata ukurasa moja, alimupa tiyo mbili za mraba za bati ya milimetri 1.5, na bageti (fimbo ya kusuduria) ya 2.5, akamuambia: « Mwanangu, niungie hii kona. » Kijana akaacha amperi (nguvu ya umeme ku mashini) vile alizikuta, za kazi ya chuma nene, akagusa, bati ikatoboka, akajaribu kuziba tundu na bageti ingine, tundu ikawa kubwa kuliko shilingi ya zamani. Papa akamunyangʼanya posti ya kusuduri polepole, akashusha amperi, akafanya pointi, pointi, pointi, akaachia ipoe, akarudi. « Nani alikupima kule mu mji, mwanangu? » Kijana akasema ukweli: bilikuwa maulizo mu kompyuta, na mwanamuke wa biro akamuuliza kama anaweza kuamuka mapema.

Simulaumu kijana, alikuwa na njaa ya kazi. Ninalaumu biro yenye iliniuzia neno « amepimwa ».

Wa pili walituletea alikuwa fundi kweli kweli. Mikono safi, anafika mbele ya wote, haongeaki mingi. Mbele ya mwezi ya tatu, jumatatu moja, simu inaingia: « Bonjour maman patronne, nimepata kazi ku Kolwezi, Mungu akubariki. » Njo ile. Sheria inaomba preavi (kujulisha mbele ya kuachana), mi nikitaka kumutoa ni siku 14 za kazi kwa kuanzia na siku saba zaidi kwa kila mwaka amefanya, yeye akitaka kuondoka ni nusu ya ile, lakini nani atamufuata Kolwezi, mji wa mamine, kumudai siku saba? Nikaenda ku ajansi na karatasi ya garanti. Yule mwanamuke wa biro, na adabu yake yote, akanionyesha mustari wa chini: garanti inafanya kazi kama mufanyakazi ameshindwa kazi, haifanyi kama ameondoka kwa mapenzi yake. « Maman, mutu ni huru, hatuwezi kumufunga kamba. » Sawa, ni huru. Lakini ku ukuta nyuma yake kulikuwa kumebandikwa tangazo ya ajansi ile ile, inatafuta basudere kwa ajili ya kampuni moja ya sutretansi, yenye kufanyia mine kazi kwa kontra. Sina ushahidi kama bao njo balimupeleka, na sitasema. Ninasema tu kwamba biro moja haiwezi kunilindia fundi asubui na kumulisha mine jioni, na hii munapashwa kuiuliza uso kwa uso mbele ya kulipa: muko na kliya wa mine? Tangu ile sheria ya 2017 iliachia sutretansi kampuni zenye Bakongomani beko na sehemu kubwa ya makuta, zile kampuni ziko kila kona ya mu mji, na zote zinatafuta bafundi ba namna zilezile sita: sudere, mekanisye, elektrisye, shofere, griye (wa mashini ya kuinua mizigo), muangalizi wa usalama.

Mushahara ya mine mi sitaifikia, tuache kudanganyana. Ila kuna kitu ile ajansi haikuwahi kuniambia na ilikuwa kazi yabo kuniambia. Papa wangu wa nywele nyeupe alifanya Gécamines, kampuni kubwa ya madini ya Leta, eko mu bale zaidi ya 10,000 benye balitoka na « départ volontaire » (kuondoka kwa mapenzi na kulipwa) ya 2003, ile Benki ya Dunia ilisaidia kulipa. Nilimuuliza juu ya nini yeye haendi kokote. Hakunitajia mushahara. Alisema kule kazini mutoto wake akigonjwa kulikuwa lopitalo, mwezi ukiisha kulikuwa mposho, mufuko wa unga ulikuwa unafika nyumbani na bibi anauona kwa macho. Sheria yenyewe inakuomba utunze afya ya mufanyakazi, bibi yake na batoto, hii haiko zawadi. Basi nikafanya abonema ku dispanseri moja ya karibu kwa jamaa zote, na mwisho wa mwezi mufuko wa unga kwa kila nyumba. Haijazuia kila mutu, mumoja aliondoka hata hivyo, lakini huyu alikuja kuniaga wiki mbili mbele na aliniletea mudogo wake achukue nafasi. Bengine ninachukua kama bastajeri (benye kujifunza kazi) kutoka INPP, beko na msingi, papa anabamalizia. Inachukua muda mrefu, na bati mingi inatoboka, lakini bati ni yangu na ninajua nani aliitoboa.

Kulikuwa pia na formasyon ya « bapatron na usimamizi wa batu », asubui moja mu hoteli, dola 50, kahawa na keki kavu, mutu anasoma ku ukuta bintu kwa Kifaransa juu ya motivasyon. Dakika kumi za mwisho zilikuwa za maana, pale aliongea konje (mapumziko) ya uzazi, majuma 14, na siku ine za kilio ukipoteza muzazi, mutoto ao mwenye ndoa wako. Hizo zilitosha mu karatasi moja.

Mapokezi muzuri, beko na adabu, ila simu ya biro haijibiwe, tumieni WhatsApp ya mutu mwenye anashika dosiye yenu. Parking hakuna, acheni gari mbali kidogo. Muende asubui juu kisha saa sita foleni ya benye banatafuta kazi inajaa mulangoni na hamutapata mutu. Mubebe kopi ya RCCM (karatasi ya kuandikisha biashara), numero yenu ya CNSS na ya kodi, na liste ya batu benu na tarehe ya kila mutu kuanza. Wakiwaleteya karatasi ya bei, ombeni baitenganishe, mishahara upande wake na kutafuta batu upande wake, mwanzoni watasema haiwezekane, mukisimama mulangoni itawezekana.