Nyumba ya kupanga Tanga: uliza kwanza utatokea wapi

Mwezi wa pili nililipa kodi ya miezi 6 kwa mkupuo kwenye ghorofa moja mpya, si mbali na Chumbageni. Vyumba viwili, kimoja masta, vigae mpaka jikoni, tenki la maji juu, mlinzi getini. Kila swali nililoulizwa na mama na dada zangu nilikuwa na jibu lake. Maji yapo. LUKU ni yangu peke yangu. Mwizi hapandi.

Siku ya kumi na moja, saa nane usiku, mpira wa gesi wa jirani yangu wa ghorofa ya kwanza ulishika moto. Mwenyewe aliuzima kwa blanketi bichi, Mungu ambariki, lakini moshi ulikuwa umeshapanda ngazi hadi kwetu ghorofa ya tatu. Nilimbeba mwanangu mgongoni, nikashuka nikipapasa ukuta, na pale chini nikakuta grili ya ngazi imefungwa kwa kufuli. Ufunguo alikuwa nao mlinzi, na mlinzi alikuwa ameondoka kwenda kwake Mabawa. Tulisimama pale wapangaji na watoto wetu tumeshika vyuma, tunakohoa, mpaka kijana wa bodaboda kutoka kijiwe cha pili akaja kulivunja kufuli kwa nyundo.

Asubuhi nilimpigia mwenye nyumba. Jibu lake: "Mama, hiyo grili ni kwa usalama wenu."

Ndiyo maana naandika haya. Kuhusu maji, umeme, barabara ya lami na umbali wa kufika sokoni au stendi ya Kange sitasema kitu, hayo kila mtu anajua kuyauliza. Nitashikilia jambo moja ambalo sijamsikia mpangaji hata mmoja akiliuliza wakati anaonyeshwa nyumba: moto ukianza usiku, mimi na watoto tunatokea wapi, na ufunguo uko kwa nani?

Tanga tumezoea kupima usalama kwa wingi wa vyuma. Dirisha lina nondo, mlango una grili, veranda ina grili, ngazi ina grili. Fundi wa kuchomelea anaziunga moja kwa moja ukutani bila bawaba, kwa hiyo hakuna dirisha hata moja ambalo mtu mzima anaweza kupita. Mlango ukizibwa na moto, umebaki ndani. Na mara nyingi moshi ndio unaoua kabla moto haujafika. Godoro la sponji na makochi yakiungua hutoa moshi wenye sumu, na ngazi ya ghorofa huuvuta juu kama bomba la jiko. Mtu aliyelala anaweza asiamke kabisa.

Halafu kuna chumvi. Sisi tuko pwani. Kufuli lililoachwa nje msimu mmoja wa masika, hasa kule Raskazone na Sahare, linashika kutu mpaka ufunguo hauzunguki. Niliporudi kuitazama ile nyumba yangu mchana, nilikuta mlango wa nyuma upo, wa kushukia uani, lakini komeo lake lilikuwa limegandana na chuma kwa kutu. Mlango ulikuwepo siku zote na haukuwa na faida kwa mtu. Kwa hiyo ukionyeshwa nyumba, usiridhike kuambiwa "mlango wa pili huo hapo." Ufungue wewe, kwa mkono wako, uende mpaka chini, utokee barabarani. Na utazame zege la ngazi na la roshani kwa chini. Nondo za ndani ya zege zikishika kutu huvimba na kulibandua. Ukiona mistari ya kutu na vipande vilivyomeguka, njia unayoitegemea nayo imechoka.

Asidhani mtu kwamba haya ni ya kwetu tu kwa sababu ya umaskini. London, tarehe 14 Juni 2017, jengo la Grenfell lenye ghorofa 24, nyumba za umma za halmashauri, liliwaka kuanzia kwenye friji ya nyumba moja ya ghorofa ya nne, na watu 72 walikufa. Moto ulipanda kwa nje, kwenye vibao vipya vya kupendezesha jengo vyenye plastiki ndani yake. Na jengo lote lile lilikuwa na ngazi moja. Wapangaji waliambiwa wabaki ndani wasubiri, na agizo hilo lilipobadilishwa, karibu saa mbili zilikuwa zimepita. Wengine walikuwa wameshalalamika kuhusu usalama wa moto kabla ya siku ile. Kila nikikumbuka neno "ngazi moja" narudi pale kwenye grili yangu.

Sasa niziweke nyumba kwa daraja, kwa kipimo hicho kimoja.

Namba moja kwangu ni nyumba za Shirika la Nyumba la Taifa, NHC, na sifichi kwamba nina upendeleo. Hasa yale majengo ya zamani ya mjini, yenye maduka chini na makazi juu. Shirika lenyewe lilianza 1962. Majengo mengi ya namna hii, mijini kote nchini, yalikuwa ya watu binafsi kabla ya kutaifishwa chini ya sheria ya 1971, yakashikwa na Msajili wa Majumba hadi 1990, alipounganishwa na Shirika. Waliojenga zamani walikuwa wanatafuta upepo, na kilichofaa upepo kinafaa kukimbilia. Niliyoingia mimi yana ngazi pana za zege zilizo wazi, roshani inayotazama barabarani ambako jirani anaweza kuegemeza ngazi ya mbao, na uani nyuma. Moshi unapata pa kutokea. Mkataba unaandikiana na Shirika lenyewe, kodi unalipa kwa namba ya malipo, na kuna ofisi ya kupeleka barua. Mwenye nyumba wangu alikuwa na simu tu, na ikifika saa mbili usiku anaizima.

Ubaya wake upo. Paa linavuja, mabomba ni ya kale, na nafasi hazipatikani upesi. Wapangaji wengine nao wameongeza grili zao kwenye ngazi ya pamoja, kila mtu na kufuli lake, wakaiharibu njia iliyokuwa nzuri. Ukikuta hivyo, andika barua ofisini kabla hujahamia, maana ukishaingia utaonekana mgomvi. Na asije mtu akakuuzia nafasi ya Shirika kwa kilemba, yaani pesa ya kuachiwa nafasi na mpangaji aliyepo. Ukitoa kilemba unaishi kwa jina la mtu mwingine, na siku ya ukaguzi unatolewa na vyombo vyako.

Namba mbili ni nyumba za serikali zinazosimamiwa na Wakala wa Majengo Tanzania, TBA, ukiwa mtumishi wa umma. Zile za chini, zenye kiwanja na miti, mlango wa mbele na wa jikoni. Kwa moto hizi zingekuwa za kwanza; nimezishusha kwa sababu wengi wetu hatuna haki nazo. Walio Dar es Salaam wananiuliza kuhusu Magomeni Kota, yale makazi ya familia 644 waliokuwa wakazi wa kota za zamani. Sijawahi kulala pale, kwa hiyo nasema tu: panda hadi ghorofa ya juu, halafu shuka kwa ngazi bila kugusa lifti, uhesabu milango iliyofungwa.

Namba tatu, na kwa mbali, ghorofa mpya za watu binafsi. Zinapendeza kwenye picha. Lakini nimezunguka nane baada ya yaliyonipata, na sita kati ya hizo zina ngazi moja yenye grili chini. Katika mbili pikipiki zinalala chini ya ngazi, na petroli ndani ya tangi, jirani na mita za LUKU. Hapo usibishane na mtu, shukuru uondoke. Ukipata yenye roshani na grili ya kufunguka, chukua, ila ufunguo wa chini kila mpangaji awe nao, na hilo liandikwe kwenye mkataba.

Vyumba vya kupanga Ngamiani, Makorora na Mwanzange: bei nafuu, mlango wa barazani na mlango wa uani, watu wengi macho. Angalia tu kama mlango wa uani hauzibwi na magunia ya mkaa usiku.

Na hawa madalali. Niliyempa mimi alichukua kodi ya mwezi mzima, laki 2, kwa kazi ya kunionyesha mlango. Kabla ya hapo kila nyumba niliyotazama ilikuwa na "pesa ya usumbufu", nikiipenda nisiipende. Baada ya moto, nilipomuuliza kama mlango wa nyuma wa nyumba nyingine unafunguka, alinijibu, "Dada, mbona unawaza mabaya?" Nilipodai nirudishiwe miezi 5 na zaidi ambayo sikukaa, mwenye nyumba alisema mkataba hauruhusu, na dalali akasema yeye si mwenye nyumba. Zaidi ya milioni moja ya mwanamke anayeuza vitenge imebaki kwenye mfuko wa mtu aliyenifungia ndani. Tunadaiwa nusu mwaka mbele kwa nyumba ambayo hatujalala hata usiku mmoja, na sisi wenyewe tunaona ndivyo ilivyo. Mimi sioni hivyo tena. Mwenye nyumba anayetaka miezi 6 na anipe funguo zote kwanza, nizijaribu mbele yake.

Kama umeshalipa na huwezi kuhama, fanya hivi wiki hii. Zungumza na mwenye nyumba, umwite fundi wa kuchomelea, akate nondo za dirisha moja la chumba wanacholala watoto, aziwekee bawaba na komeo la ndani. Kila mwisho wa mwezi lipake mafuta komeo hilo na ulifungue. Mtungi wa gesi uweke roshani au uani. Gesi ile ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama sakafuni. Namba ya zimamoto ni 114, iandike kwa kalamu nyuma ya mlango.

Mimi sasa niko kwa dada yangu Nguvumali, barua yangu ya maombi iko ofisi ya Shirika. Ufunguo wa mlango wa uani tumeutundika kwenye msumari, kimo cha mtoto wa miaka 7. Tumeshamjaribu mara tatu taa zikiwa zimezimwa, na mara ya tatu alifungua kabla sijamaliza kuhesabu ishirini.