Uzamili wa maendeleo Uingereza: uzoefu wangu

Tangu nirudi, vijana wa kwenye mashirika wananiuliza swali lilelile: kusoma uzamili wa maendeleo Uingereza kunalipa? Kunalipa ukisomeshwa. Kwa fedha yako ya mfukoni, siwezi kukushauri. Ada ya kozi hizi kwa mwanafunzi wa nje inavuka pauni 20,000 kwa urahisi, yaani zaidi ya shilingi milioni 60, hujala wala hujalala.

Kabla ya kwenda nilikuwa afisa mradi kwenye asasi ndogo mkoani Singida, upande wa maji na usafi wa mazingira. Pikipiki, dodoso, mikutano ya vijiji, na kila robo mwaka ripoti kwa mfadhili. Namba tulipeleka, zikifika huko juu zinafanywa nini, hakuna aliyetuambia. Nikaomba Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza. Wanataka uwe na angalau saa 2,800 za kazi, uchague kozi tatu, na ukimaliza urudi kwenu ukae miaka miwili. Hilo sharti la kurudi linawatisha wengi. Mimi halikunisumbua, maana kazi niliyoitaka iko huku.

Kozi ni ya mwaka mmoja, na unakimbizwa. Muhula wa kwanza ni nadharia: usasa (nchi maskini zifuate njia ya nchi tajiri), utegemezi (nchi maskini zinabaki nyuma kwa sababu tajiri zinazinyonya), uliberali mamboleo (soko huria liongoze uchumi). Aliyepita Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, atakuta mengi anayajua, kwa sababu mijadala ya utegemezi ilichemka Dar es Salaam tangu enzi za mwanahistoria Walter Rodney kufundisha pale. Kuna semina moja sitaisahau. Kijana aliyetoka moja kwa moja shahada ya kwanza alieleza kwa nini Ujamaa ulishindwa, bila kupepesa macho. Nilipomuuliza anazungumzia Azimio la Arusha la 1967 au uhamishaji wa lazima wa Operesheni Vijiji miaka ya sabini, akajibu kwamba hayo ni mambo ya wanahistoria. Mhadhiri akapita haraka kwenye mada nyingine. Kwa sehemu hii ya kozi, nisingevuka bahari.

Kilichonilipa ni somo la tathmini ya miradi. Mwalimu alitupa jedwali la kaya mia kadhaa kutoka mradi wa maji wa nchi asiyoitaja, akasema tutafute palipo na uongo. Tukakuta kaya yenye watoto 27 wa chini ya miaka mitano. Tukakuta visima vitatu vilivyosimama juu ya nukta moja ya GPS. Halafu kulikuwa na mdadisi mmoja ambaye kila dodoso lake lilichukua dakika nne, asubuhi hadi jioni. Wenzangu wakaanza kubishana kuhusu hitilafu ya simu. Mimi niliyewahi kushika dodoso juani nilijua: huyo alikaa chini ya mti akajijazia. Ila kumjua ni jambo moja. Kuonyesha kwa takwimu ni kiasi gani ameharibu matokeo ya mradi mzima ni jambo jingine, na hilo ndilo nililolifuata kule. Tulisoma pia majaribio ya dawa za minyoo katika shule za Busia, Kenya, kazi inayofahamika sana ya Michael Kremer, aliyepata Nobeli ya uchumi 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo. Namba za Busia wataalamu wanazibishania hadi leo, na kuufuata ubishi wenyewe kulinifundisha kuliko mihadhara kumi ya nadharia.

Usaili wa kazi niliyo nayo sasa ulikuwa mtihani wa kompyuta: safisha data, tengeneza jedwali, andika aya mbili kwa mkurugenzi asiyejua takwimu. Utegemezi haukuulizwa.

Maisha ya kule sina mengi. Posho ilitosha kwa mtu asiye na familia pale, baridi unazoea, ugali unapatikana. Ila kitengo cha ajira cha chuo kilinichosha. Walinikazania CV ya ukurasa mmoja. Ipeleke hiyo kwa mashirika ya hapa wanaotaka kila mradi ulioshika, bajeti yake na wadhamini watatu, uone kama utaitwa.

Anayeomba sasa aangalie na soko. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada, na ilipofika Julai USAID, shirika lake la misaada lililoanzishwa 1961, ikafunga kazi na programu zilizobaki zikaenda Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo. Uingereza nayo imetangaza kushusha misaada kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 ifikapo 2027. Hapa mjini nina marafiki wenye shahada kama yangu wanaofuga kuku. Wenye ujuzi wa takwimu nimewaona wakihamia benki, kampuni za simu na hata halmashauri. Wenye cheti cha maendeleo peke yake bado wanazunguka na bahasha.

Kwa nyota tano naipa tatu na nusu. Hiyo nusu ni ya maktaba.

Kama una familia na kazi, tazama ufadhili wa Jumuiya ya Madola wa kusoma kwa mbali. Unabaki kazini kwako. Kama shida yako ni nadharia na siasa ya maendeleo, Taasisi ya Taaluma za Maendeleo ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ipo tangu 1973, kwa ada unayoweza kuizungumza na ndugu wakakuelewa. Na kama Uingereza ndiyo nia, kabla hujakubali nafasi waandikie idara uwaulize mawili: somo la takwimu ni la lazima au la hiari, na je, data ya tasnifu unaruhusiwa kuja kuikusanya nyumbani? Wakizungukazunguka, nenda kwenye kozi ya pili kati ya zile tatu ulizochagua.