Sindano za pua ya dubu: kabla ya namba, tazama kutu

Malalamiko ya mafundi wa midoli huku Tanga yanayohusu pua ya dubu, ile inayotengenezwa kwa kuchoma sufu na sindano, ni yale yale matatu. Pua imeng'oka mtoto alipoivuta kidogo. Pua haikazi, imebaki teketeke hata baada ya kuchomwachomwa saa nzima. Na la tatu husemwa kwa sauti ya chini, kama vile ni uchafu wa nyumbani kwa msemaji: sehemu nyeupe ya mdomo, pembeni kabisa mwa pua nyeusi, imetoka vidoa vya rangi ya chai. Kisha linafuata swali moja: ninunue sindano namba ngapi?

Namba ina maana yake, tutaifikia. Ila kwa sisi wa pwani, malalamiko yote matatu mara nyingi yanatoka kwa mkosaji mmoja, naye ni kutu. Miongozo mingi ya kununua sindano hizi imeandikwa na watu wa nchi kavu na baridi, ndiyo maana hawamtaji.

Sindano ya sufu si ya kushonea. Haina tundu la uzi. Juu imepindwa kama herufi L, chini ni nyembamba yenye pembe tatu, na kwenye kingo za pembe hizo kuna vijino vilivyochongwa kuelekea nchani. Ukiisukuma, vijino vinakamata nyuzi za sufu na kuzizamisha, ukiivuta, vinaziachia. Ukirudia mara mia kadhaa nyuzi zinasokotana mpaka fumba la sufu linakuwa gumu kama kifutio. Kazi yake ya asili ni kwenye mashine za viwandani za kutengeneza felti, yaani kitambaa cha nyuzi zilizosokotanishwa bila kufumwa. Sisi wa mikono tumeiazima tu. Na karibu zote ni chuma cha kaboni kilichokazwa kwa moto: hakikunjiki, kinakatika. Inatengeneza pua, lakini yenyewe si chuma cha pua kile kisichoshika kutu.

Anayekaa Raskazone, ufukweni hapa Tanga, anajua hewa ya bahari inavyolila geti. Mwenye baiskeli, na Tanga hii nani hana, anajua mnyororo unavyokuwa masika ikikolea. Sasa fikiria sindano yenye unene wa chini ya milimita moja, iliyoshikwa kwa vidole vyenye jasho, kisha ikachomekwa kwenye sponji na kuachwa dirishani hadi kesho. Sponji inahifadhi unyevu, na chumvi ya jasho inakaa ndani ya vijino, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Kutu huanzia humo. Kwa macho utaiona sindano inang'aa, ila kijino kimeshakuwa na ukwaru. Badala ya kuziachia nyuzi wakati wa kutoka, kinazirudisha juu. Unachoma kumi, unang'oa sita. Ndiyo ile pua isiyokaza. Unaongeza nguvu, mkono unakwenda upande, ncha inakatika ndani ya dubu. Na kila tundu unalotoboa pembeni mwa pua unaliachia chembe ya kutu, ambayo kwenye sufu nyeusi haionekani lakini kwenye mdomo mweupe inajitangaza.

Kwa hiyo ukiletewa sindano, iwe ya bei gani, ifanyie mambo mawili kabla hujatoa pesa, au kabla mpanda bodaboda aliyekuletea parseli hajaondoka. Kwanza, ifute kwa tishu nyeupe kavu kutoka kwenye shina kwenda nchani, usirudishe mkono, huku ukiizungusha kidogo. Tishu ikitoka na mstari wa kahawia, rudisha. Pili, chukua kijisufu na kipande cha sponji, choma mara tano taratibu. Inapoingia utasikia mkwaruzo mwepesi. Inapotoka inatakiwa iteleze. Ikitoka na ndevu za sufu, ama ina kutu, ama umeuziwa sindano ya kinyume, ile iliyotengenezwa makusudi kuvuta nyuzi nje kwa wanaotaka manyoya. Kwa pua haifai hata kidogo.

Sasa mpangilio wa sindano zenyewe, kuanzia iliyo bora hadi ya mwisho.

Ya kwanza ni Groz-Beckert, na sitajifanya hakimu asiye na upande. Ni kampuni ya Ujerumani, ipo Albstadt, inatengeneza sindano tangu 1852. Ukichukua tano za namba ile ile, zote tano zinaingia na kutoka kwa uzito ule ule, na hilo ndilo linalokuwezesha kuitambua iliyoanza kuharibika kabla haijaharibu pua. Kumbuka kwamba namba kubwa ndiyo sindano nyembamba. Kwa pua nunua tano za 38 zenye pembe tatu, ndizo za kazi yote ya kati. Tatu za 40 za kumalizia uso na kuchora matundu ya pua. Na moja ya 36 ya kukusanya fumba mwanzoni. Namba 42 iache, kwenye pua ni nyembamba mno na inakatika ovyo. Tahadhari ni kwamba wauzaji wengi hununua kwa wingi na kuzigawa upya kwenye vifuko vya plastiki, kwa hiyo jina la Mjerumani kwenye tangazo si kinga. Sindano nzuri iliyokaa mwaka mzima kwenye kabati la duka karibu na bahari ni sindano mbaya. Kile kipimo cha tishu hakina heshima kwa jina.

Ya pili ni kalamu ya Clover, ya Japani. Inabeba sindano tatu na ina kifuniko, kwa hiyo vidole vyenye jasho havigusi chuma, na kwa suala letu la kutu hiyo ni hoja nzito. Kasoro yake ni kwamba sindano tatu kwa pamoja ni pana kwa pua ya dubu mdogo. Zitumie tatu wakati wa kukusanya fumba, kisha toa mbili ubaki na moja kwa ajili ya kingo. Sindano za akiba zinauzwa peke yake. Ukikosa uhakika wa kuzipata, usiinunue kalamu.

Ya tatu ni zile seti za kijisanduku, mpini wa mbao na sindano mchanganyiko, zinazojaa mitandaoni kwa bei ya kuvutia. Chukua ujifunzie. Basi.

Ya mwisho si chaguo ila lazima itajwe kwa sababu inauzwa: sindano ya cherehani iliyopachikwa kwenye mpini. Haina vijino. Utachoma mpaka Idi.

Hapa niseme la wauzaji. Mtu anaweka picha ya sindano nane zenye rangi za kupendeza shinani, anaandika "seti kamili ya kitaalamu", na ukiuliza bei anakujibu "njoo DM". Ukienda DM anakuuliza uko wapi, na ukisema Tanga bei inapanda kabla hata nauli ya basi haijatajwa. Na zile rangi hazina sheria ya pamoja: kijani cha huyu ni 38, kijani cha yule ni 40. Usikubali kutajiwa rangi, taka namba. Asiyejua namba ya anachouza hajui pia kilikaa wapi na kwa muda gani. Zaidi ya hapo, sindano moja moja hutozwa bei ambayo ukiizidisha mara kumi inapita pakiti nzima, kwa hiyo ungana na mafundi wenzako wawili watatu muagize pakiti moja mgawane.

Kuhusu sufu yenyewe, jihadhari na herufi moja. Sufu ni manyoya ya kondoo; sufi inatoka kwenye msufi, ile ya mito na magodoro ya bibi zetu. Ukiagiza kwa simu, unaweza kuletewa sufi. Unyuzi wake ni mfupi, una nta na unateleza, haushikani hata kwa sindano ya dhahabu. Uzi wa kufumia wa akriliki nao si sufu. Choma nyuzi chache kwa kiberiti: sufu inanuka nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika, akriliki inayeyuka na kuwa kipunje kigumu.

Kwa pua chagua sufu iliyochambuliwa tu, nyuzi zake zikielekea kila upande, siyo iliyochanwa ikalala kama nywele zilizotiwa mafuta. Sufu ya kondoo wa Merino ni laini mno, unene wa unyuzi ni chini ya maikroni 24 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), inachukua muda mrefu kukaza na uso wake unabaki na alama za matundu. Ya kondoo wa Corriedale, maikroni 25 hadi 31, inakaza upesi. Kondoo wa aina hiyo wanafugwa nyanda za juu za Kenya, na mpaka wa Horohoro si mbali na sisi. Kwa dubu wa sentimita 30, pua ya upana wa sentimita 2 inakula kama nusu gramu, kwa hiyo gramu 20 ni pua za kutosha kukuchosha.

Pua inayong'oka hata kwa sindano safi imeshikizwa vibaya. Punguza kwanza manyoya ya mdomo mpaka yabaki milimita 2. Hakikisha mdomo umejazwa mpaka ukawa mgumu, maana sindano inahitaji kitu cha kushika ndani. Tengeneza pua juu ya sponji mpaka ikaze robo tatu, ila nyuma yake acha ndevu za sufu zisizochomwa. Hizo ndizo mizizi. Kijino cha kwanza huwa kama milimita 6 kutoka nchani, kwa hiyo mchomo wa juujuu haufanyi chochote: pitisha kitambaa, uingie kwenye ujazo walau sentimita moja, unyooke kuingia na unyooke kutoka. Zunguka kingo zote na 38, kisha 40 kwa uso. Kama dubu ni wa mtoto mdogo, ongeza mishono minne ya uzi imara kupitia nyuma ya pua, kisha pitisha sumaku ya spika mbovu polepole juu ya uso wote. Ikigoma mahali, kuna ncha humo.

Parseli ikifika, usichomeke chochote kwenye sponji. Futa kila sindano kwa kipande cha kanga kuukuu chenye tone la mafuta ya cherehani. Ya nazi yananata na baadaye yananuka. Ziweke kwenye kichupa cha dawa kinachofunga vizuri pamoja na kile kifuko kidogo kinachokuja ndani ya boksi la viatu vipya, ambacho watu hukitupa. Siku ya kazi, choma kwanza mara kumi kwenye sufu ya kutupa ili mafuta yaishie hapo. Ukimaliza, ifute na uirudishe chupani, hata kama unanyanyuka kwenda kuepua chungu tu.