Tuisheni ya saikolojia ya MCAT: nimeuliza swali, nimetolewa kwa grupu

Naandika hii nikiwa bado na hasira, kwa hivyo mnivumilie. Niko hapa Kisumu, digrii ya baiokemia nilimaliza, sasa natafuta shule ya udaktari Marekani na bila MCAT, ule mtihani wa kuingia hizo shule, huendi popote (kwa nini sikuingia udaktari moja kwa moja baada ya KCSE, tafadhali msiniulize). Kemia sina noma nayo. Kinachoniua ni ile sehemu ya saikolojia na sosholojia waliyoongeza 2015, juu huku kwetu mtu wa sayansi anaweza maliza chuo bila kusikia jina la Durkheim, yule mwanasosholojia, hata siku moja, na hiyo sehemu inabeba alama sawa na kemia, huwezi iruka.

Basi nikaona tangazo la jamaa anauza notsi za PDF, kadi za kukariri na grupu ya WhatsApp ya kuuliza maswali. Nikatuma pesa kwa M-Pesa. Jina sitaji.

Mwanzo ilikuwa poa, siwezi danganya. Zile kadi nilikuwa nazisoma kwa matatu nikienda Kondele, hatua nne za Piaget za jinsi akili ya mtoto inakua, nane za Erikson za mtu kukua tangu utotoni mpaka uzeeni, zikaingia zikakaa. Hata zile nadharia za hisia zinazochanganya watu, James na Lange kwamba mwili unashtuka kwanza ndio unahisi woga, Cannon na Bard kwamba vyote vinakuja pamoja, Schachter na Singer kwamba mwili unashtuka halafu akili inatafuta sababu, amezipanga vizuri kabisa.

Sasa nikafika kwa Skinner, yule wa jinsi tabia inaongezeka ama inapungua kulingana na kinachofuata. PDF inasema eti uimarishaji hasi ni kumwadhibu mtu. Wueh! Makanga akikusimamia kichwani "madam nauli, madam nauli" mpaka utoe, ukitoa kelele inaisha, na kesho unatoa mapema, huo ndio uimarishaji hasi, kero imeondolewa na tabia imeongezeka. Adhabu inapunguza tabia. Na ni mtego wa kila siku kwa huo mtihani, mimi nilikuwa nafuata notsi zake na maswali ya mazoezi yananikataa, najiuliza kwani nina shida gani.

Nikaandika kwa grupu na heshima zote, "Daktari samahani, naomba uangalie tena ukurasa wa Skinner." Tiki za buluu, kimya. Usiku ndio anatuma sauti: "Madam, kama unajua kuniliko fungua tuisheni yako. Hii saikolojia ni akili ya kawaida tu, watu wanafeli juu ya ujuaji." Watu wakajaza emoji za kucheka. Mmoja wao akanifuata inboksi, ati uko sawa lakini nyamaza tu. Yaani kadi ya Asch tumesoma wote, ile ya watu kukubali jibu la uongo kwa mistari juu wenzao wamekubali, na bado! Nikatuma skrinishoti ya maelezo sahihi, nikatolewa. Pesa? Hairudi.

Huyo mtu akiwa laivu ni "karibuni wapendwa", ukimfuata nyuma ya pazia ni mwingine kabisa. Goffman, yule mwanasosholojia aliyesema watu wanaishi kama waigizaji jukwaani na nyuma ya pazia, angempenda sana.

Kwa hivyo usinunue. Ama nunua kama unapata kadi peke yake, juu kusema ukweli zimenisaidia kuliko kitu kingine nimejaribu, na video za bure za Khan Academy ni nzuri lakini zinakula bando. Nilikuwa nimpe nyota tatu juu ya hizo kadi. Nikikumbuka hiyo "ujuaji" naweka moja. Na daktari, kama unapita hapa, kuna mtu wa grupu amenitumia PDF yako mpya juzi. Ukurasa wa Skinner ni ule ule.